Firigisi ya Daktari Sabiri

Mama yangu hanywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu Ntalikwa nzima ilishaambiwa kwamba anakunywa, na mpaka leo wapo watu ambao akipita na ndoo kichwani wanamtazama miguu kuona kama anayumba. Hajawahi kunywa. Ni mzee wa kanisa, Mmoravian mtoto wa Mmoravian, na hata togwa ikianza kuchacha huwaachia wengine.

Kilichotokea ni kwamba bani la Leodgar liliungua. Bani ni kile kijumba kirefu cha matofali tunachokaushia tumbaku: ndani majani yananing'inia kwenye fito, chini yake yanapita mabomba ya moto kutoka kwenye tanuri, na nje anakaa mtu wa kuangalia moto. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mama yangu, Martha. Kazi yenyewe si kuchochea kuni tu. Kazi ni pua. Jani likidondoka juu ya bomba haliwaki papo hapo. Kwanza linatoa harufu kali, na mwangalizi mzoefu akiisikia anafungua mlango na kulitoa kabla moshi haujaonekana. Siku hiyo, mchana kweupe, mama alikuwa ameegemea ukuta wa bani anapukuchua mahindi, na bani likawaka mgongoni kwake. Aligundua pale watu walipokuja wakipiga yowe.

"Haki ya Mungu sikusikia harufu," alisema. "Sikusikia kitu."

Leodgar ndiye mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Alipokuwa mtoto mama yake aliugua muda mrefu, na mama yangu ndiye aliyembeba mgongoni na kumfuta makamasi. Huyo Leodgar akasimama mbele ya majivu yake, watu wamejaa, akasema, "Mtu mzima jani liungue nyuma ya kisogo chake asigeuke? Huyo alikuwa amelewa." Tangu siku hiyo hakumwamkia tena. Wakipishana njiani, anajifanya anaangalia mashamba.

Watu wakalipokea neno lake. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja, na wengine wakaanza kukumbuka mambo ambayo hayakuwahi kutokea. Mama mwenyewe akaacha kukaa kwenye benchi la wazee wa kanisa, akahamia mlangoni. Hakuna aliyemfukuza. "Siwezi kukaa mbele huku watu wananinusa mdomo," aliniambia. Nilitaka kwenda kwa Leodgar siku ileile na mwiko wa ugali. Mama akanikataza.

Mimi naitwa Asnath. Ni mkuu wa maabara kwenye kituo kimoja cha utafiti hapo Tabora mjini, na hasira zangu zinajulikana mpaka kwa walinzi wa getini. Mwaka huo kituo kilipokea utafiti kuhusu wanawake wanaoangalia moto wa mabani: je, moshi na mvuke wa tumbaku vinawaondolea uwezo wa kusikia harufu? Kiongozi wake alikuwa Daktari Sabiri, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa watu, mcheshi, kofia ya viua kichwani kila siku ya Mungu. Leodgar alipopata habari akatamka kwenye mkutano wa chama: "Wampime na Mama Asnath. Pua yake ikikutwa imekufa, nitamwomba radhi kanisani mbele ya wote. Ikikutwa nzima, asimame yeye palepale aungame kwamba alikuwa amelewa."

Mama alikubali bila kuuliza hata swali moja. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaona sasa haki imepata njia.

Kumfunga kitambaa machoni na kumnusisha kitunguu, kahawa na mafuta ya taa tulikufanya mapema. Hakutambua hata kimoja. "Hata mimi ningesema sisikii," alisema Leodgar, na hapo siwezi kumlaumu, maana mtu anaweza kweli kujifanya. Ndiyo sababu Daktari Sabiri aliagiza kingamwili kutoka ng'ambo.

Kilikuja kwenye boksi la barafu, kichupa kidogo kuliko cha wanja. Ndani ya pua, juu kabisa, kuna seli zenye vipokezi vya harufu. Vipokezi hivyo vikifa, hata uwashiwe ubani chini ya kidevu husikii kitu. Kingamwili ni askari aliyefundishwa kumtambua mtu mmoja tu. Unakwangua seli za pua kwa kibrashi, unazipaka kwenye kioo, unamwaga kingamwili. Kipokezi kikiwepo, askari anakishika. Kisha unatia rangi, na kila aliposhika panageuka kahawia. Kahawia maana yake pua ni nzima. Pakibaki peupe, pua imekufa. Ni kazi nzuri kama askari ni mwaminifu.

Wetu hakuwa mwaminifu. Tulianza na wanawake wa Ulyankulu, wote kahawia. Tukaenda Nzega, upande wa Lusu, wote kahawia. Bibi mmoja wa Ulyankulu alikuwa anapikia mafuta yaliyovunda mpaka wajukuu wanakimbia chakula, yeye anashangaa wamepatwa na nini. Huyo naye kahawia tupu. Nikaanza kushuku. Nikajikwangua ndani ya shavu langu mwenyewe, maana shavu halina kazi ya kunusa, ningekuwa nanusa kwa shavu ningeshajua. Nikapaka kwenye kioo, nikamwaga kingamwili, nikatia rangi. Kahawia, kama chai ya rangi.

Nikaenda nacho ofisini kwa Daktari Sabiri.

"Daktari, askari wetu anakamata gulio zima," nikamwambia. "Anamshika mwizi, anamshika muuza nyanya, anamshika na mbuzi."

Akacheka. "Mtani, siku hizi wataalamu wanavikuta vipokezi vya harufu mpaka tumboni. Shavu lako ni nini?"

Hilo ni kweli, na ndilo lililonichoma. Ukweli nusu ni mbaya kuliko uongo, kwa sababu unaubishia huku unaukubali. Nikamwambia basi tuagize kingamwili kingine, tulinganishe. Akasema wafadhili wanasubiri ripoti, ameshawaahidi, na wanawake wenyewe watafurahi kusikia kwamba ni wazima. Hakuhongwa na mtu. Laiti angehongwa ningemwelewa. Alikuwa amechoka na anataka kumaliza, basi, na kwa uchovu wake mama yangu angesimama kanisani kuungama ulevi.

Na juu ya yote alikuwa mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara: babu zangu walifika pwani na mizigo mabegani, babu zake wakawapokea, wakauguzana, wakazikana. Tangu hapo Mzaramo anaruhusiwa kunitukana na mimi namtukana, na hakuna anayekasirika. Ni desturi njema. Imezuia ugomvi mwingi kwenye misiba. Lakini Daktari Sabiri aliifanya mlango wa kutorokea: nikisema jambo la kazi, yeye anajibu kwa utani, watu wanacheka, jambo limekufa.

Siku ya kumpima mama tulikwenda Ntalikwa na gari la kituo. Mama alikuwa amefagia uwanja na kuweka kigoda kivulini.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Sabiri.

"Marahaba, baba. Kwangueni. Pua yangu itanisemea."

Kibrashi kinaingia mbali, na machozi hutoka hata kama hulii. Mama alishika kigoda kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Nilikizamisha kibrashi kwenye chupa kwa hasira, kwa sababu nilijua jibu litakalotoka. Pua yake haitamsemea. Atakayesema ni yule askari wa uongo.

Baada ya hapo mgeni hawezi kuondoka hajala. Mama alikuwa na jogoo mwekundu aliyemtunza kwa ajili ya Pasaka, akamtoa. Mussa, jirani yetu, akaja kumchinja ili mgeni ale bila wasiwasi. Kunyonyoa na kupasua nikafanya mimi, nyuma ya jiko, na nilipoishika firigisi mkononi, ikiwa bado na joto, wazo likanijia. Kipokezi cha harufu cha binadamu kinaweza kukutwa tumboni mwa binadamu, sawa. Kwenye firigisi ya jogoo wa Ntalikwa kinatafuta nini? Nikaiosha, nikaitia kwenye chupa ya maabara, nikaifungia ndani ya boksi.

Kila mtu anajua firigisi ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba, na akija mgeni wa heshima ni ya mgeni. Ukimwandalia mgeni kuku bila firigisi umemwambia kitu, na si kitu kizuri. Daktari Sabiri alipekua bakuli kwa kijiko, akapekua tena, kisha akainua macho.

"Mama, kuku wa Unyamwezi huzaliwa bila firigisi? Au mmeshaipandisha begani, iko njiani kwenda pwani?"

Mussa alicheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka. Aliinama, akasema samahani baba, sijui imepotelea wapi, na nikaona shingo yake inavyokakamaa. Jina la ulevi alikuwa nalo tayari. Sasa na uchoyo. Gari lilipowashwa akanivuta kando.

"Umeila wewe?"

"Hapana, mama."

"Umenivua nguo mbele ya mgeni, Asnath."

"Nitakuambia, mama. Si leo."

Kule maabara niliwaweka pamoja, mama kwenye kioo kimoja na jogoo wake kwenye kingine. Kingamwili kilekile, rangi ileile. Nikasubiri. Nilipotazama kwenye hadubini wote wawili walikuwa kahawia, nzuri, iliyokolea, na ukiniuliza yupi alikuwa anasikia harufu vizuri zaidi ningesema jogoo. Nilicheka peke yangu. Kisha nikapiga meza mpaka mkono ukaniuma.

Nilikwenda kumwambia. Nasema hili ili isionekane kwamba tangu mwanzo nilitaka kumwaibisha mtu. Nilifika mlangoni kwake na boksi mkononi, lakini hakunipa nafasi ya kufungua mdomo.

"Nimeisoma pua ya mama yako. Ni nzima. Pole, Asnath."

"Daktari, hicho kingamwili..."

"Wewe ni mtoto wake," akasema, na safari hii hakutania. "Mtoto hawezi kuwa hakimu wa mama yake. Kaa pembeni katika hili, kwa heshima yako mwenyewe."

Nikakaa pembeni. Kanuni za utafiti zinasema hivyohivyo, na ningekuwa mahali pake ningesema hivyohivyo, na ndiyo maana nilitoka pale natamani kuvunja kitu. La kuvunda halina ubani. Kazi ilikuwa imeoza, na huyu alikuwa anaifukizia kanuni.

Matokeo yalitangazwa kwenye ukumbi wa chama, Ntalikwa. Leodgar alikuwa mezani mbele, pembeni yake Daktari Sabiri na hadubini yake iliyounganishwa kwenye skrini, watu wamejaa kwenye mabenchi. Mama alikaa nyuma kabisa, kama alivyozoea siku hizi, kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni. Jikoni kwenyewe Imakulata na wenzake walikuwa wanapika wali wa wageni kwenye sufuria kubwa, kwa kuni. Mimi nilikuwa nimeleta vioo vyote kwenye boksi, na kile cha jogoo kikiwemo. Nilikuwa nimeamua kusimama na kusema kwa adabu, kama mtaalamu.

Daktari Sabiri alieleza vizuri, hana mpinzani kwa kueleza. Akaonyesha kahawia moja baada ya nyingine kwenye skrini. Akasema ni habari njema: moshi wa mabani haujadhuru pua ya mwanamke yeyote aliyepimwa. Leodgar akauliza, "Yeyote?" Akajibiwa, "Yeyote." Leodgar akaegemea kiti, akakunja mikono. "Basi tumejua," akasema, na mabenchi yote yakageuka kumtazama mama.

Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba kusema. Kingamwili kilichotumika hakifai. Kinashika kila kitu. Matokeo haya si..."

"Jamani, mnamsikia mtani wangu!" Daktari Sabiri akadakia, mikono juu. "Babu zake walibeba pembe za ndovu za watu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, miezi, jua kali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani ya mzigo kuna nini. Huyu mjukuu ametokea wapi na maswali?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Wanyamwezi wenyewe ndio waliocheka zaidi, wakipigana mabega. Nikasema tena, "Sitanii," nao wakacheka zaidi, maana mtani akisema hatanii ndiyo utani wenyewe. Nilimwona mama kule nyuma. Alikuwa hacheki, amenitazama mimi, amekaza kanga yake kifuani kwa ngumi.

Ndipo hasira ikanipa akili. Haya, nikasema moyoni. Umetaka utani, utapata utani.

Nikaenda mbele. Nikanyoosha mkono, nikamvua Daktari Sabiri kofia yake ya viua mbele ya watu wote, nikaificha nyuma ya mgongo.

Kelele zilizopanda hapo sijawahi kuzisikia hata kwenye mpira. Kila mtu anaijua sheria: mtani akikunyang'anya kitu, hukasiriki na hukinyang'anyi, unakikomboa kwa lile atakalotaka. Wapishi walisikia vifijo, wakaacha jiko, wakajaa madirishani. Imakulata alikuwa na mwiko bado mkononi. Daktari Sabiri alishika upara wake, akacheka pamoja nao. Angefanya nini?

"Haya, Mnyamwezi. Unataka nini? Mbuzi?"

"Usome kioo kimoja," nikasema. "Kimoja tu, mbele ya watu. Kisha kofia yako hii hapa."

"Hicho tu? Leta."

Nikampa. Akakiweka chini ya hadubini, skrini ikajaa kahawia. Hakuangalia umbo la seli, hakuangalia chochote, alikuwa ameshazoea kuangalia rangi tu. Akawageukia watu kama muuza dawa mnadani.

"Mnaona? Hii ni pua nzima kuliko zote nilizowahi kuziona. Vipokezi vimejaa tele. Pua hii, ndugu zangu, inasikia harufu ya dagaa wa Kigoma treni ikiwa bado Kaliua!"

Wakapiga makofi. Nikasubiri makofi yaishe.

"Huyo ni kuku," nikasema.

Nikanyoosha kidole kwenye skrini.

"Ni firigisi ya jogoo wa mama yangu. Uliitafuta kwenye bakuli, mtani, ukasema tumeipeleka pwani. Ndiyo hiyo. Umesema inasikia dagaa wa Kigoma."

Mussa ndiye aliyeanza kucheka, na yeye ndiye aliyemchinja jogoo mwenyewe. Kisha benchi lake, kisha ukumbi mzima. Lakini hiki hakikuwa kicheko cha mwanzo. Daktari Sabiri aligeuka rangi.

"Hii ni hila! Hii ni kazi ya watu, si mahali pa michezo!"

"Mtani hakasiriki!" wakapiga kelele kutoka madirishani.

"Huu si utani!"

"Nilipokuambia ni kazi, ulisema ni utani," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa inakwaruza kwa hasira. "Nilikuletea shavu langu, ukacheka. Nikakuletea kuku, ukanifunga mdomo. Firigisi ya kuku ina vipokezi vya pua ya binadamu? Waambie hao. Waambie kingamwili chako kimewaona nini wanawake wote hawa kama hakiwezi kumtofautisha mama yangu na jogoo wake!"

Sikuwa na adabu, najua. Yeye ni mkubwa wangu kazini na kwa umri. Lakini nilikuwa nimeibeba hasira hiyo tangu Ulyankulu, na mzigo una mahali pa kuutua.

Niseme na lake jema, maana analo. Hakubisha tena. Alirudi kwenye hadubini, akaangalia kwa muda mrefu, na safari hii aliangalia kweli, akizungusha kioo taratibu. Alipoinua kichwa alionekana mtu mzima kuliko alivyoingia.

"Hizi si seli za pua," akasema. "Ni kweli. Ripoti hii naisimamisha. Matokeo yote niliyoyasoma leo, msiyashike."

Nikamrudishia kofia. Hakuivaa, aliiweka mezani. Na mimi nikamgeukia Leodgar nikitegemea atasimama.

Hakusimama. Alikuna kidevu, akasema polepole, kama mtu anayehesabu magunia, "Sawa. Kingamwili ni kibovu, tumeona. Lakini hapo umenionyesha kwamba hamjui. Hujanionyesha kwamba mama yako hasikii harufu. Anaweza kuwa hasikii, anaweza kuwa alikuwa amelewa. Kuku hajamsafisha mtu."

Watu wakaguna, na ile miguno ilikuwa ya kukubali. Mimi ndiye niliyekipindua kipimo pekee tulichokuwa nacho. Kichwani nilimtukana Leodgar matusi yote ya Kiswahili, nikaongeza ya Kinyamwezi, na bado alikuwa sahihi. Mama alinyanyuka kule nyuma.

"Leodgar," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikulea. Uliwahi kuniona nimelewa?"

Leodgar akavuta pumzi ili ajibu, na hapo akasita. Pua yake ilicheza. Pembeni yake Daktari Sabiri akainua kichwa. Mabenchi ya nyuma yalikuwa yameshaanza kugeuka, na sasa ya mbele, watu wanakunja nyuso, wengine wanaziba pua kwa kanga na mashati. Harufu ya wali ulioshika chini, ulioungua mpaka ukawa mkaa, ilikuwa inaingia ukumbini kwa mlango wa jikoni. Kule dirishani Imakulata aliangalia mwiko wake mkononi, akapiga kelele, "Mungu wangu, sufuria!"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango uleule. Harufu ilikuwa inapita begani kwake kabla ya kutufikia sisi. Alikuwa bado amemkazia macho Leodgar, uso wake haukukunjamana, hakugeuza shingo, hakupepesa. Anasubiri jibu la swali lake. Kisha akaona ukumbi mzima umeziba pua na kumtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona anaogopa. Akajitazama kanga, akajitazama miguu, akatafuta kosa lake lilipo.

"Kuna nini?" akauliza. "Nimefanya nini?"

Wanawake wawili benchi la mbele walianza kulia. Mimi sikulia na wala sikufurahi. Nilitamani kuwafukuza wote mle ndani, na Daktari Sabiri, na hadubini, na mimi mwenyewe, kwa kuwa maneno ya mama tangu mwanzo hayakuwatosha; walihitaji kumwona amesimama hivi, hajui.

Leodgar alitoka nyuma ya meza. Alipita katikati ya mabenchi, kofia yake mwenyewe mkononi, mpaka mbele ya mama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Tulisubiri. Shikamoo haiachwi hewani, hata na adui. Mtoto mdogo analijua hilo. Mama alimwangalia utosini, pale alipokuwa akimpaka mafuta zamani. Kisha akazitazama zile pua zilizozibwa, akanigeukia mimi.

"Asnath," akasema, "nenda ukaangalie ni kitu gani kinaungua."